Mto Unapojaa Usiku: Namna ya Kusikia Onyo

Ndugu zetu wa kanisa, na ninyi wagonjwa mliolala katika vyumba vya hospitali: katika kurasa hizi tumefundisha mara nyingi juu ya malaria, minyoo, kikohozi cha muda mrefu na chakula cha watoto wadogo. Leo tunataka kufundisha juu ya hatari nyingine. Hatari hii haiingii mwilini kwa kinywa wala kwa kuumwa na mbu. Inashuka kutoka mlimani usiku, watu wakiwa wamelala. Ni mto unaojaa ghafula. Na ndugu yake ni upepo mkali, ule unaolaza migomba na kung'oa manjanja juu ya nyumba.

Labda mtu atauliza, "Kwa sababu gani waganga wanasema habari ya mvua? Kazi yao si dawa?" Jibu ni hili. Tunaweza kushona jeraha, kufunga mfupa uliovunjika, kutia maji katika mshipa wa mgonjwa wa kolera. Lakini mama aliyechukuliwa na mto pamoja na kitanda chake hafikishwi hospitali. Dawa yake ni moja tu: kutoka nyumbani kabla ya maji kufika. Dawa hiyo haiuzwi kwa franka. Inapatikana kwa masikio na kwa miguu.

YALIYOTOKEA KWETU

Wengi wenu mnakumbuka habari ya Uvira. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake. Maji hayakuja peke yake. Yalileta mawe makubwa, miti na matope. Makumi ya watu walikufa, na makumi ya maelfu walibaki bila nyumba. Mtambo wa maji safi wa mji uliharibika pia, na Uvira ni mji ambao kolera haijaondoka kwa miaka mingi. Kwa hiyo walioponyoka mtoni waliingia katika hatari ya pili.

Miaka mitatu baadaye ilikuwa zamu ya Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 mito ilivunja kingo zake kule Bushushu na Nyamukubi. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Watu walikuwa wengi kuliko siku nyingine. Zaidi ya watu 400 walizikwa, na wengine wengi sana hawakuonekana tena. Tunaomba mwangalie jambo moja katika habari hii. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei, yaani karibu siku mbili mbele, mvua nyingi ilikuwa imekwisha kuua watu zaidi ya 130 katika nchi ya Rwanda, wengi wao upande wa magharibi, ng'ambo ya ziwa hilo hilo. Mawingu hayaulizwi karatasi za mpaka. Mkisikia kwamba jirani wa ng'ambo wanazika watu kwa sababu ya mvua, msiseme, "Poleni," na kurudi kulala. Habari hiyo ni onyo lenu pia.

Tena, usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mvua nyingi pamoja na upepo mkali ziliangukia eneo la Fizi. Mto Kasaba ulijaa na kuingia katika kijiji kilicho karibu na ziwa Tanganyika. Wengi waliokufa walikuwa watoto na wazee.

Aprili, Mei, Mei. Wakulima wanajua kwa nini. Mvua imenyesha miezi mingi, udongo umeshiba, hauwezi kunywa tena. Mvua ambayo mwezi wa Septemba ingeingia ardhini, mwezi wa Aprili inateremka yote.

MITO SI YA NAMNA MOJA

Mto mkubwa kama Lualaba, ambao chini unaitwa Kongo, hujaa polepole. Maji yake yanatoka katika nchi kubwa mno, nayo hutembea siku nyingi. Kule Kinshasa wapo watu wa Régie des Voies Fluviales ambao kazi yao ni kusoma kimo cha maji juu ya mti wa kupimia kila siku. Mwezi wa Januari 2024 walipima mita 6.20, karibu sawa na mita 6.26 za mwaka 1961, mwaka wa maji makubwa kuliko yote. Lakini walikuwa wameona maji yakipanda siku kwa siku, nao walitoa onyo mapema. Katika mto wa namna hii, mtu anayesikia anapata wakati wa kubeba hata kuku wake.

Mito yetu ya milimani haifanyi hivyo. Tazameni Uvira: nyuma ya mji milima inapanda zaidi ya mita 2,000 juu ya ziwa, na njia kutoka kilele mpaka ufukoni ni fupi. Mvua ikipiga kule juu, maji yanafika chini baada ya saa chache, au pungufu ya saa moja. Na huku chini labda hakuna tone. Mtu anatoka nje usiku, anaona nyota, anarudi kulala kwa amani. Huyo ndiye anayekufa.

Wala msipime nguvu ya maji kwa kina chake. Bidoni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kila mama anajua, shingo yake inamwambia. Sanduku la maji lenye mita moja kila upande ni bidoni 50, yaani kilo 1,000. Sasa waza kilo 1,000 zikija mbio, na nyuma yake nyingine, na nyingine. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Maji ya mbio yanayopita kidogo tu juu ya kifundo cha mguu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika magotini, kijana hodari asijisifu. Pikipiki haisimami. Na kwa sababu maji ni ya matope, huoni kama daraja bado liko au limekwisha kwenda.

ONYO LINATOKA WAPI

Juu angani, mbali sana, kuna mashine zinazozunguka pamoja na dunia na kupiga picha za mawingu ya Afrika yote kila dakika 15 au chini ya hapo. Picha hizo zinafika pia kwa kazi ya serikali inayoitwa Mettelsat. Kwa picha hizo na kwa hesabu kubwa, wataalamu wanaweza kusema, "Kesho na kesho kutwa, mvua nyingi na upepo katika Kivu ya Kusini." Hawawezi kusema, "Saa tano ya usiku, katika bonde la mto wenu." Wingu moja la radi ni dogo, laweza kuangukia kilima hiki na kuacha kile.

Basi, kuna watu wanaokasirika. Wanasema, "Juma lililopita redio ilitisha watu, tukalala mlimani kwa baridi, na mvua haikuja. Hawa ni waongo." Ndugu, wewe unalala chini ya chandarua kila usiku. Je, kila mbu ana malaria? Hapana. Lakini huondoi chandarua kwa sababu jana mbu hakukuuma. Maonyo matano yatapita bure, na la sita litakuwa la kweli, wala hakuna atakayekuambia kwamba hilo ndilo la sita.

Katika nchi nyingi maonyo hutolewa kwa rangi. Manjano maana yake, angalia. Rangi ya chungwa maana yake, jitayarishe. Nyekundu maana yake, ondoka. Mkisikia redio inataja rangi, ikumbukeni maana hiyo. Radio Okapi na redio ndogo za miji yetu hutangaza kwa Kiswahili. Kijiji chote hakihitaji redio, nyumba moja inayosikiliza kila jioni na kupeleka neno inatosha.

Umoja wa Mataifa ulisema mwaka 2022 kwamba maonyo ya hali mbaya ya hewa yapate kumfikia kila mtu duniani mpaka mwisho wa mwaka 2027. Ni neno jema. Lakini sisi tunaona kwamba njia inakatika mara nyingi mahali pa mwisho, si mahali pa kwanza. Neno linatoka Kinshasa, linafika Bukavu, labda linafika kwa mkubwa wa eneo. Halafu linalala mezani kwake. Mama aliye kando ya mto, mwenye watoto wanne na simu isiyo na moto, hasikii neno lo lote.

Kwa hiyo tunawapa shauri, nasi tunaliona kuwa kubwa kuliko mashauri mengine yote ya kurasa hizi. Watu wa juu wawe macho ya watu wa chini. Kijiji cha mlimani kinaona mvua na kusikia mto kabla yenu. Shefu, kapita, mwalimu na mchungaji wa kijiji kile na wa kijiji hiki wapeane namba za simu, watu watatu kila upande, maana mmoja atakuwa amesafiri na simu ya mwingine itakuwa imezimwa. Kanisa la chini litie fedha katika simu za walinzi wa juu wakati wa mvua. Ni sadaka ndogo. Mlinzi akipiga simu saa nane ya usiku, asijibiwe kwa hasira.

Tena, chagueni sauti moja. Iwe kengele ya kanisa, au ngoma, au kipande cha chuma cha gari kilichotundikwa katika mti. Ipigwe kwa namna yake, mbio bila kupumzika, namna isiyotumika kwa ibada wala kwa mazishi wala kwa shule. Watoto waijue. Mara moja kabla ya mvua kuanza ipigeni mchana, watu wote watembee mpaka mahali pa juu palipochaguliwa, mhesabiane, mrudi nyumbani. Wengine watacheka. Haidhuru, waliocheka watakuwa wameijua njia.

Na mto wenyewe unasema. Maji yakibadilika ghafula kuwa ya matope, yakileta majani na matawi mabichi, ondokeni. Mkisikia mngurumo kama wa lori lakini barabarani hakuna lori, ni mawe yanayoviringika, ondokeni. Ishara ya tatu inadanganya wengi: mvua inanyesha sana mlimani, lakini mto unapungua. Watu wanafurahi, watoto wanaingia kuokota samaki. Maana yake ni kwamba udongo wa mlima umeanguka na kuziba mto kule juu. Maji yanakusanyika nyuma yake, na boma lile litavunjika. Msingoje kuona.

WANAOKATAA KUTOKA

Kwa nini mtu asikie onyo naye abaki? Si kwa ujinga. Wengi wana sababu, na ni lazima tuzijibu kwa heshima.

Baba mmoja atasema, "Nikitoka, wezi wataingia." Ni kweli, wezi wapo. Afadhali vijana wachache waangalie nyumba kutoka mahali pa juu, kwa taa na filimbi, kuliko kila baba kubaki ndani ya nyumba yake. Mwingine atasema, "Mbona mnatuambia tusijenge kando ya mto? Tulikimbia vita, shamba letu liko mbali, mahali pengine hapakuwapo." Hatuwalaumu hawa. Mtu aliyekimbia risasi hachagui kiwanja. Lakini ikiwa huwezi kuhama leo, unaweza kujua njia ya kutoka usiku, na unaweza kulala umevaa nguo wakati wa mvua kubwa.

Mwingine, naye ni Mkristo wa kweli, atasema kwamba kukimbia ni kukosa imani, Mungu atamlinda palepale. Tunamwuliza swali moja tu: Nuhu alitengeneza safina wakati gani, kabla ya mvua au baada ya mvua kuanza?

Kuna na wale ambao hawakatai, ila hawawezi. Mzee asiyeona. Mama aliyezaa jana, au aliyepasuliwa tumbo juma hili. Mtu mwenye kifafa, mtu mwenye mguu mmoja. Yafaa mashemasi waandike majina yao sasa, wakati wa jua, na kando ya kila jina waandike majina ya watu wanne watakaombeba. Tipoyi ya miti miwili na blanketi hutengenezwa kwa dakika chache, lakini usiku wa maji dakika chache hazipo. Iwe tayari nyuma ya mlango.

Wagonjwa wa kifua kikuu, wa sukari, wa kifafa, na wote wanaomeza vidonge kila siku bila kukosa: tieni dawa zenu na kadi ya hospitali katika chupa ya plastiki yenye mfuniko, au katika mifuko miwili iliyofungwa vizuri. Itundikeni karibu na mlango. Tumeona watu walioponyoka maji wakaugua tena kwa sababu dawa zilibaki chini ya kitanda.

UPEPO

Mvua kubwa inaposhuka kutoka katika wingu la radi, inavuta hewa baridi pamoja nayo. Hewa ile inapiga ardhi na kutawanyika pande zote kwa nguvu. Ndiyo maana upepo wa baridi hutangulia mvua. Wavuvi wa ziwa Kivu na ziwa Tanganyika wanaujua: ziwa lilikuwa kama kioo, mara weusi unaonekana juu ya maji mbali, mara mawimbi yamefika. Mwenye mtumbwi akiona wingu jeusi lenye chini iliyonyooka na kuhisi baridi shavuni, aende ufukoni ulio karibu, hata kama si kwao. Mashua zilizojazwa watu na magunia kupita kiasi hazingoji upepo mkubwa, mdogo unatosha. Kijana anayekataa kupanda mashua iliyojaa mno apewe sifa, asiitwe mwoga.

Upepo nao, ukiongeza mwendo mara mbili, unasukuma kwa nguvu mara nne. Hauondoi manjanja kwa kuyasukuma chini, bali kwa kuingia chini yake na kuyainua. Kwa hiyo baraza pana lisilofungwa ni hatari, na mlango uliofunguliwa upande wa upepo ni hatari. Mawe makubwa juu ya manjanja si dawa, maana huanguka juu ya vichwa. Afadhali kufunga boriti za paa kwa waya mnene mpaka ndani ya ukuta, na kuongeza misumari pembeni, kwa kuwa pembe ndizo zinazoanza kuinuka. Mti mkavu karibu na nyumba ukatwe wakati wa jua. Nanyi wa nyumba za udongo, ukuta uliolowa siku nyingi huanguka upepo ukipiga. Msimlaze mtoto upande ule.

Radi ni ya kuogopwa kwetu kuliko karibu nchi zote. Wataalamu waliohesabu radi kutoka angani walitangaza mwaka 2016 kwamba Kabare, katika Kivu ya Kusini, ni mahali pa pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Mwanga ukionekana, hesabu: moja, mbili, tatu. Kila tatu ni kilometa moja hivi. Kama ngurumo inafika kabla ya kumaliza 30, ingia katika nyumba nzuri au katika gari lililofungwa. Msikimbilie chini ya mti. Msibaki majini wala katika kiwanja cha mpira. Ngojeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na mtu aliyepigwa na radi hana sumu wala laana mwilini. Mshikeni bila hofu. Asipopumua, mpulizieni pumzi na kumsukuma kifua, wengine wakimtafutia njia ya hospitali. Wengine hufa kwa sababu watu waliogopa kuwagusa.

MAJI YAKIONDOKA

Kisima kilichoingiliwa na mto ni sawa na choo. Chemsheni maji mpaka yachemke sana kwa dakika moja, au dakika tatu kwa wanaokaa juu sana milimani, halafu yafunikwe. Nyama ya mnyama aliyekufa majini isiliwe, hata kama njaa ni kali. Vaeni viatu katika matope, kwa maana misumari na bati zimo, na nyoka wamekimbilia katika nyumba kama ninyi mlivyokimbilia mlimani. Jeraha lo lote lioshwe kwa sabuni na maji mengi safi, na mwenye jeraha aje kwa sindano ya pepopunda.

Mtu akianza kuhara maji meupe kama maji ya mchele, ni kolera mpaka ijulikane vingine. Msingoje asubuhi. Njiani mnywesheni maji haya: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari bila kilima, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kidogo kidogo, bila kuacha, hata akitapika. Mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya. Yule aliyemsafisha mgonjwa aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Na mama ambaye kadi ya chanjo ya mtoto wake imekwenda na mto asione haya kuja. Amlete mtoto hivyo hivyo, tutamwandikia nyingine.